Muulize Anti: "Mwalimu, si wewe una mshahara?"

Wiki hii kona yote ni walimu. Sijapanga, nimefungua mfuko wa barua nikakuta walimu watupu, nadhani ni huu msimu wa mitihani unakaribia kuisha watu ndo wanapata nafasi ya kukaa chini na kujiuliza mbona nimechoka hivi. Na mimi mwenyewe nilishika chaki miaka kumi na kitu kabla ya kuja kushika kalamu huku, kwa hiyo msishangae nikijibu kama nimekaa ofisini kwenu nasubiri kengele. Ya kwanza ni ndefu lakini isomeni yote, nimeiacha kama ilivyo.

Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 27, nafundisha sekondari moja ya kata huku Maswa mkoani Simiyu, kwetu ni Tukuyu kwa hiyo unaona mwenyewe umbali, kwenda nyumbani ni safari ya kulala njiani. Nafundisha Kiswahili na Historia, vipindi 28 kwa wiki, kidato cha pili mikondo miwili na kidato cha nne, mkondo mmoja una watoto 87 na insha zote zinanisubiri mezani. Sasa shuleni kwa vile ndo mdogo kuliko wote na sina mume wala mtoto basi kila kitu ni mimi. Matroni mimi, klabu mimi, ya kompyuta yote mimi, hata PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, za wenzangu wawili najaza mimi kwa simu yangu na bando langu. Wiki yangu ya zamu nafika shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikiisha nashusha pumzi, mwenzangu anakuja dada nisaidie na ya kwangu mtoto anaumwa, naanza tena.

Kanisani niko kwaya ya vijana, nafundisha shule ya Jumapili, na mwaka huu wakanichagua mtunza hazina wa kamati ya ujenzi eti mwalimu anajua kuandika. Kila Jumapili kuna kitu, bahasha ya ahadi, mchango wa bati, sare ya kwaya 45,000, mara tunarekodi video. Halafu ule mnada baada ya ibada, mzee akinyanyua jogoo tu anasema "mwalimu yupo, tunaanzia elfu kumi", kanisa zima linageuka kuniangalia. Anti mwaka huu nimenunua jogoo watano. Mmoja nimemnunua mara mbili, nilikosa pesa ya sadaka nikamrudisha madhabahuni, akanadiwa tena, na mimi tena nikamnunua.

Nyumbani mama ana presha, dawa ni mimi. Mdogo wangu yuko chuo, ada ni mimi. Mtoto wa mjomba anaoa, wameniandika laki moja kwenye grupu la WhatsApp bila hata kuniuliza. Kaka yangu mkubwa yupo anaendesha bodaboda lakini yeye haulizwi, eti hana mshahara.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Mwezi wa sita nilikopa laki tatu kwa mama mmoja hapa senta. Kila mwezi anachukua 90,000 ya riba na deni linabaki laki tatu vile vile, hii ni mara ya tano. Kadi yangu ya benki anayo yeye na namba ya siri anayo, mshahara ukiingia anatangulia kutoa ndo ananiletea kilichobaki. Hakuna anayejua. Mama akipiga namwambia niko vizuri, na kwenye stetasi naweka picha za kwaya tumependeza. Jumapili iliyopita kamati imesema kila mjumbe alete laki mbili kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Nifanyeje nisionekane naringa, na nisionekane sina imani? Mwalimu wa Maswa

Anti anajibu: Marahaba mwanangu. Huyo jogoo aliyenunuliwa mara mbili kanichekesha mpaka chai imemwagika kwenye barua yako, halafu nikafika kwenye kadi ya benki, kicheko kikakata.

Maana umeniuliza kuhusu kuringa na imani, na mimi nitakujibu kuhusu kadi kwanza. Hayo mengine yanaweza kusubiri wiki mbili, kadi haiwezi.

Hebu piga hesabu na mimi. 90,000 mara tano ni 450,000. Umekopa 300,000, umeshalipa 450,000, na bado unadaiwa 300,000 ile ile, haijapungua hata shilingi ya kununulia kiberiti. Ndo maana watu wakaita kausha damu. Na ujue kwa nini huyo mama alitaka kadi asitake barua ya mwajiri. Mkopo wa benki au wa SACCOS kwa mtumishi unakatwa kwenye mshahara huko huko juu, na utaratibu unasema makato yote yakijumlishwa lazima ubakiwe na theluthi moja ya mshahara wako wa msingi, kwa hiyo ukifika hapo mfumo wenyewe unakukatalia, hata ulie. Hiyo theluthi iliwekwa ili mtumishi asilale njaa. Sasa mwenye kadi yako hana habari na theluthi, yeye anakaa mlangoni pesa ikitoka, anaichukua hiyo hiyo theluthi uliyobakishiwa ule. Kumpa mtu kadi ni kumpa chungu chako na mwiko wako na kumwambia nipakulie.

Kwa hiyo siku ya kwanza utakayopata ruhusa nenda tawi la benki yako na kitambulisho, waambie kadi haiko mikononi mwako na namba ya siri mtu mwingine anaijua, waifunge, wakupe nyingine. Usione aibu, hao wahudumu wanasikia hayo kila mwisho wa mwezi, na kwa walimu ndo usiseme. Hiyo mpya ukiipata igeuze nyuma usome, kadi ni mali ya benki, hukuwa na ruhusa ya kuiweka rehani kama baiskeli.

Halafu usimkimbie huyo mama. Najua wengine watakwambia mzimie simu, mimi sikwambii hivyo, we ni mwalimu hapo senta, utamkimbilia wapi na watoto wake pengine ndo hao 87. Nenda na mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie mama deni nalitambua, nimeshakulipa 450,000, nataka tukubaliane namna ya kulimaliza, laki moja kila mwezi kwa miezi mitatu, riba isimame. Muandikishane mbele ya mtendaji wa kijiji. Akikataa na kuanza vitisho, muulize kwa upole leseni yake iko wapi, maana kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayefanya biashara ya kukopesha watu lazima awe na leseni, na hawa wa kukusanya kadi za walimu kwenye mkoba wengi wao hawana, ukitaja tu hilo neno utaona sauti inashuka. Kama una SACCOS ya walimu na una hisa, unaweza kukopa huko uzime moto huu kwa mkupuo. Lakini iwe laki tatu, laki tatu tu, usije ukaongezea na ya bati.

Tukija kanisani sasa. Wewe umeniandikia habari za michango, mimi kilichonitisha ni kwamba una hazina ya ujenzi chini ya kitanda na deni la kausha damu juu ya kitanda. Sijasema we mwizi. Nisikilize. Zamani shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mwenzangu, mpole, anaaminika, ndo alikuwa anashika pesa za uji za wazazi. Ijumaa moja alidaiwa mahali akachomoa elfu arobaini, mshahara ulikuwa unatoka Jumatatu, yeye moyoni alishazirudisha tayari. Mshahara ule mwezi ule ukachelewa, na Jumatano mwalimu mkuu akataka pesa anunue unga. Basi. Alizilipa zote baadaye hata senti haikupungua, lakini mpaka anahama watu walikuwa wakimwona na kikombe wanakonyezana. Hakuwa mwizi, alikuwa mtu anayedaiwa aliyepewa ufunguo. We mwenyewe unajua kuna usiku umeshaiangalia hiyo bahasha ya bati ukapiga hesabu, usinijibu.

Kwa hiyo hazina rudisha. Nenda kwa mchungaji, peke yake, sio kwenye kikao, mwambie mchungaji nina deni linalonisumbua na sitaki kushika pesa za kanisa nikiwa na deni, naomba mpeni mtu mwingine, na daftari hili hapa limefungwa vizuri. Mchungaji mwenye akili atakuheshimu zaidi. Na hiyo laki mbili mwambie hapo hapo, mimi mwaka huu nina elfu kumi kila mwezi, basi. Imani yako ukaionyeshe kwenye shule ya Jumapili, maana ukweli katika vitu vitatu ulivyotaja hicho ndo kimoja ambacho kanisa likikukosa litapata taabu kweli, waimbaji wako tele na wa kushika daftari atapatikana. Jogoo naye, siku za mnada kaa na watoto wako wa shule ya Jumapili nje, au mzee akikutaja cheka useme "leo mwalimu anawapisha wenye mavuno". Huko Usukumani mwezi wa mavuno mtu anauza pamba au mpunga anashika pesa ambayo wewe utaiona kwa miezi kadhaa, ila yeye hana slipu basi anaonekana maskini na wewe tajiri.

Na hapo kwenye slipu ndo ninapokugombeza kidogo. Nani kwenu anajua mshahara wako unavyokatwa? Chukua kila laki moja ya mshahara wa msingi. Bodi ya mikopo inachukua 15,000. Mfuko wa pensheni 5,000. Bima ya afya 3,000. Chama cha walimu 2,000. Robo nzima imeondoka na kodi ya mapato hujaigusa. Mama yako akisikia mwanangu kaajiriwa serikalini anaona laki zote zile zinakuja mikononi, na wewe unamwambia niko vizuri, na stetasi inasema tumependeza, sasa akuhurumie kwa lipi? Mjomba kakuandika laki moja kwa sababu kila alichokuona nacho kilisema inawezekana. Wewe ndo umewaficha, mwanangu, hawajakuonea.

Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili nenda nyumbani na slipu ya mshahara imechapwa, kaa na mama na kaka yako, isomeni mstari kwa mstari. Mama aliyekulea anajua hesabu kuliko mimi na wewe, haitachukua dakika kumi. Mwambie dawa zako mama hizi ni zangu siziachi. Ada ya mdogo nusu yangu nusu ya kaka, na kaka aambiwe hapo hapo akiwa amekaa, bodaboda inaingiza pesa kila siku, hana slipu tu. Deni pia mwambie. Utalia kidogo, atalia kidogo, mtakula. Ya harusi usisubiri Desemba, andika kwenye grupu leo: "Mjomba hongera, mimi nitachangia elfu ishirini, Mungu awabariki". Usieleze sababu, ukieleza wataijadili.

Shuleni sitakaa sana. PEPMIS ya mtu ni ya mtu, ni akaunti yake na nywila yake na ndo kipimo chake cha kazi, ukimjazia ni sawa na kumtilia sahihi, siku kukiwa na tatizo utaitwa wewe. Waonyeshe mara moja jinsi ya kujaza halafu uwe na insha nyingi za kusahihisha, na unazo. Zamu mpokee mwenzio akiuguliwa, lakini iandikwe kwenye ratiba kwamba na yeye anashika yako, mbele ya makamu. Kuhusu kuonekana unaringa, je, umeshajua kusema *mwangaluka* asubuhi na *mwadila* jioni? Kama unawasalimia wazee wa hapo kwa lugha yao ukipita kwenda dukani, huyo atakayesema mwalimu anaringa kwa sababu hakununua jogoo ataonekana yeye ndo ana shida.

Niandikie Januari. Nataka kujua kadi iko wapi.

Anti mambo. Mimi ni kijana nafundisha darasa la kwanza na la pili shule ya msingi moja huku Handeni, nina watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Mimi sichapi. Sio kwamba malaika, ila mwenyewe nilichapwa sana kwenye kusoma na nilichojifunza ni kuogopa kitabu. Sasa ofisini wananiita "Mchungaji", na juzi mzazi kaja na mtoto wake na fimbo mkononi, kaniambia mwalimu nimekuletea, mchape nikiwa naona. Nikabaki nimesimama kama mlingoti. Ningemjibuje? Mchungaji wa Handeni

Anti anajibu: Poa. Mwaka mzima wa kwanza mimi nilichapa, nakwambia bila kujisifu, kwa sababu nilikuta wenzangu wanachapa. Kilichonibadilisha ni kupewa waraka niusome, maana kumbe karibu kila nilichokuwa nafanya kilikuwa kosa.

Fimbo Tanzania ipo kwenye kanuni, hatudanganyani, lakini waraka wa mwaka 2002 umeifunga kamba. Viboko visizidi vinne. Anayeruhusiwa ni mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kinaandikwa kwenye kitabu maalumu. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo. Sasa tafuta humo uone kama kuna mahali pameandikwa mwalimu wa darasa la kwanza amchape mtoto kwa kushindwa kusoma "ba be bi", au mzazi aje na fimbo yake kama anakuja na kikombe cha uji.

Huyo mzazi ungemwambia karibu mzee, fimbo iache hapo nje, twende ofisini kwa mwalimu mkuu ndo mwenye kitabu, tukaandike mtoto kakosa nini. Tisa kati ya kumi wakishafika kwenye kuandika wanakumbuka wana mbuzi hawajafungwa. Halafu muulize yeye, kwa utaratibu, mtoto analala saa ngapi, anakula nini kabla ya kuja, nani anamwangalia daftari. Usimdharau, ameleta fimbo kwa sababu ndo msaada pekee anaoujua kwa shule.

Darasa la watoto mia bila fimbo linawezekana ila sauti yako utaipoteza kama unategemea kupaza. Wimbo mmoja wa kunyamaza, mmoja wa kukaa, mmoja wa kutoa daftari, siku zote ule ule. Makundi ya kumi kumi, kila kundi na kiongozi wake, na kiongozi unabadilisha kila Jumatatu ili wote waonje cheo. Yule mkorofi kuliko wote mpe kazi ya kugawa chaki. Nakuhakikishia atakuwa wa kwanza kufika.

Na hilo jina la Mchungaji liache likae, mimi waliniita Simba na sijawahi kulifurahia.

Anti samahani swali fupi. Niko Nkasi, mume wangu yuko Morogoro, mwaka wa nne sasa tunaishi kwa simu. Kuna kaka kwenye grupu la Telegram la walimu wanaotafuta kubadilishana vituo, kasema ana mtu wake wizarani, nimtumie 350,000 barua inatoka ndani ya wiki mbili. Nitume? Mama Nkasi

Anti anajibu: Usitume. Uhamisho unauomba mwenyewe kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia, haulipiwi, na viongozi wa TAMISEMI wamerudia hilo mpaka wamechoka. Kubadilishana kupo kweli, na hilo grupu linaweza kukusaidia kumpata mwenzio wa Morogoro anayetaka kuja Nkasi, tena mwenye somo lako na ngazi yako, hapo ongea naye moja kwa moja, muulize shule yake, mpigie mkuu wako wa shule, kila mtu aombe kwake. Weka na vyeti vya ndoa kwenye maombi. Inachelewa, najua, na miaka minne sio mchezo.

Ukitaka kumjua huyo kaka, mwambie umekubali, lakini hiyo 350,000 utampa ukisharipoti Morogoro, mshahara wa kwanza wa kule wote ni wake. Halafu uone kama simu itapokelewa tena.